Kiti cha Mtoto Kwenye Gari la Watu Wawili

"Na ufunguo huu mdogo," Bi Uhlig, mhudumu wa kiwanda cha magari, alisema, "ni wa kuzima mfuko wa hewa upande wa abiria, mkimweka mtoto."

Falko alicheka. "Mtoto? Mtoto yupi? Bibi, hapo mmechanganya oda yetu na ya mtu mwingine."

"Hatujachanganya, Bwana Lindner. Tazama." Bi Uhlig aliinama, akapenyeza vidole kati ya mgongo wa kiti na kikalio. "Vyuma viwili hivi ni vya kufungia kiti cha mtoto. Kwenye gari la viti viwili haviji vyenyewe, lazima mteja aviagize."

"Basi mmekosea. Sisi hatuna mtoto. Antje, waambie."

Antje Mehnert alikuwa upande wa pili wa gari, kiganja chake kikiwa juu ya boneti ya kijani iliyokolea. Gari lilikuwa lake. Alilichagua mwenyewe, rangi, ngozi ya viti, mpaka uzi wa kushonea. Siku hiyo alikuwa amekuja kulichukua kiwandani, nje kidogo ya Leipzig, na Falko, mchumba wake, alikuwa amekuja kumsindikiza.

"Hawajakosea," alisema. "Niliviagiza mimi."

Rangi ilimtoka Falko usoni.

"Una mimba?"

"Hapana."

"Una uhakika?"

"Falko, nina miaka thelathini na tisa. Ningekuwa na mimba ningejua."

"Basi cha nini?"

"Niambie wewe."

Bi Uhlig aligundua ghafla kwamba taa za ukumbi zilihitaji kutazamwa. Alizitazama kwa muda, kisha akakohoa kidogo. "Labda mkaendeshe kwanza kwenye uwanja wetu wa majaribio, halafu ndipo mje kutia saini? Mwalimu Ronny anawasubiri."

"Vizuri sana," Antje alisema. "Saini baadaye."

Antje alikuwa mkaguzi wa madaraja. Kazi yake ilikuwa kugonga zege kwa nyundo na kusikiliza panapolia tofauti. Januari alikwenda kuogelea kwenye bwawa la ndani ambalo hakuwa amezoea kwenda, akamwona Falko ndani ya maji ya kina kifupi, amembeba mtoto wa kike mwenye maboya ya rangi ya chungwa mikononi. Mtoto alikuwa akipiga kelele, "Baba, tena! Baba, tena!" Antje alirudi chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye benchi bila kulia, akavaa, akaenda nyumbani.

Jioni Falko aliporudi kutoka alikosema ni mpirani, Antje alimuuliza, "Mechi ilikuwaje?"

"Sare," Falko alijibu.

Wiki hiyo ligi nzima ilikuwa mapumzikoni kwa ajili ya baridi.

Jumatatu Antje alipiga simu kiwandani kuuliza kama oda bado inaweza kuongezwa kitu. Akaambiwa inaweza. Alipopewa tarehe za kuchukua gari, akachagua Jumamosi ambayo kwa mpangilio wa Falko ilikuwa ya "mpira". Uamuzi wake ulikuwa mmoja: Falko amwambie mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla Antje hajatia saini ya kupokea gari. Asipomwambia, harusi ya Septemba haipo.

Uwanjani walipewa gari la majaribio la kiwanda, la aina ileile. Antje alishika usukani. Gari la mwalimu lilitangulia, na sauti yake ikatoka kwenye redio ya upepo iliyobandikwa karibu na kioo.

"Gari la nyuma, habari za asubuhi. Mimi ni Ronny. Ninyi mnanisikia, mimi siwasikii, kwa hiyo mna ruhusa ya kunitukana. Nifuateni taratibu."

Antje aliondoa gari.

"Sasa," alisema, "kiti cha mtoto."

"Labda umekiagiza kwa ajili ya watoto wa dada yako."

"Watoto wa dada yangu wana ndevu."

"Antje, mimi sipendi mafumbo."

"Mimi pia. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, unakwenda wapi?"

"Mpirani. Na Maik. Si unajua?"

"Kona ya kushoto," Ronny alisema. "Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake."

Antje alipunguza kabla. Gari lilipita kona kama limefungwa kwenye reli.

"Na Januari?" aliuliza. "Ligi ilikuwa likizo. Mlikwenda kutazama nini, nyasi?"

Falko alivuta mkanda wa kiti kana kwamba ulikuwa unambana. "Yalikuwa mazoezi. Mazoezi ya wazi. Maik alitaka kumwona kipa mpya."

"Kipa mpya."

"Ndiyo."

"Uliniambia sare. Mazoezi nayo yanatoka sare?"

Mbele yao uwanja ulifunguka, mnyoofu na mpana.

"Hapa tunajaribu breki," Ronny alisema. "Kanyaga mafuta mpaka uone vibao vya njano, halafu breki kwa nguvu zako zote. Usiionee huruma. Inastahimili."

Antje alikanyaga. Injini ilinguruma nyuma ya migongo yao, vibao vikaja mbio, akapiga breki. Wote wawili walirushwa mbele, mikanda ikawadaka. Gari likasimama kimya.

"Safi sana!" Ronny alisema. "Bibi huyu ana mguu!"

Antje hakutabasamu. Alizungumza kwa sauti ileile aliyoitumia kuwaambia wakuu wa wilaya kwamba daraja lao litafungwa.

"Nisikilize. Umebaki mzunguko mmoja. Ukiisha, nitarudi kwa Bi Uhlig, nitatia saini, nitakupeleka mpaka kituo cha treni. Jumatatu nitawapigia ofisi ya ndoa kwamba tarehe yetu wampe mtu mwingine. Sitapiga kelele na sitakuuliza tena."

"Kwa sababu ya mpira?"

"Kwa sababu ya uongo. Mpira haujanikosea."

Walizunguka kona moja, ya pili. Ronny alikuwa akieleza jambo kuhusu matairi, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Anaitwa Frieda," Falko alisema.

Antje aliendelea kuendesha.

"Ana miaka minne. Anapenda maji, anachukia mbaazi. Mama yake ni Kathrin. Tuliachana kabla hajazaliwa, mwaka mmoja na zaidi kabla sijakutana na wewe. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, ni siku yangu naye. Hakuna kipa mpya."

Antje alisogeza gari pembeni, akasimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Usiku ule wa kwanza, kwenye mkahawa wa Kigiriki, ulisema hutaki watoto. Ulisema kabla hata chakula hakijaja. Nikajiambia nitakueleza wiki ijayo. Wiki ijayo nikawa nimeshakupenda, na kila wiki iliyofuata ikawa ngumu kuliko ile ya nyuma. Halafu ukaagiza gari la viti viwili. Nikasema, basi, jibu ndilo hili."

"Nilisema sitaki kuzaa. Ulikuwa na mdomo wa kuuliza."

"Nilikuwa na woga."

"Ningeweza kukuacha wiki ile ya kwanza kwa sababu ya mtoto. Inawezekana, sikatai. Lakini ungekuwa umeachwa na mtu aliyejua anachokiacha."

Falko alitazama mikono yake. Kisha akageuka.

"Umejua tangu Januari?"

"Niliwaona bwawani."

"Januari mpaka Mei! Tumekula meza moja, tumelala kitanda kimoja, umeniuliza mechi ilikuwaje, na jibu unalo! Huo nao unaitwaje?"

Antje alikuwa amejitayarisha kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Woga," alisema mwishowe. "Niliogopa nikikuuliza utanidanganya usoni. Na leo umenidanganya mara tatu kabla ya kona ya mwisho, kwa hiyo hesabu yangu haikuwa mbaya."

"Gari la nyuma, kuna tatizo?" Ronny aliuliza. Hakuna aliyeweza kumjibu. Baada ya muda mwanamume mfupi mwenye koti jekundu akaja akitembea, akainama dirishani.

"Limezimika?"

"Gari halina shida," Antje alisema. "Ana binti. Nimeambiwa sasa hivi."

Ronny alimtazama Falko, akamtazama Antje, akafikiri.

"Hongera," alisema, akarudi kwenye gari lake.

Falko alianza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena. Alipangusa macho kwa mkono wa shati, akatoa simu.

"Kuna jingine. Heri ulisome mwenyewe."

Ujumbe wake wa asubuhi ulisomeka: *Kathrin, leo siji. Kazi imeingia ghafla. Mwambie Frieda samahani.*

Jibu lilikuwa chini yake: *Mwambie mwenyewe. Ameshavaa viatu. Mimi nimechoka kukuombea radhi kwa mtoto.*

Antje alisoma mara mbili, akamrudishia.

"Kunidanganya mimi, nina miaka yangu, nitajua la kufanya," alisema. "Lakini huyu amevaa viatu. Piga simu. Weka sauti ya juu."

Iliita mara moja tu.

"Falko, kama ni kuahirisha tena mpaka Jumamosi ijayo..."

"Nakuja, Kathrin. Leo. Niko na Antje. Nimemwambia."

"Umemwambia au amekukamata?"

"Yote mawili."

"Mpe simu."

"Anakusikia," Antje alisema.

"Wewe ndiye Antje? Mimi nimeambiwa huwezi kukaa chumba kimoja na mtoto."

"Mimi nimeambiwa wewe ni timu ya mpira."

Kathrin alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakupanga kucheka. "Miaka miwili namwambia, mweleze huyo mwanamke. Ananijibu, wakati mwafaka, wakati mwafaka. Sasa unataka nini, wewe?"

"Kumwona Frieda, ukiruhusu. Na kumpeleka ziwani akitaka. Mfuko wa hewa unazimika na vyuma vya kiti vipo."

"Kwanza utapanda hapa juu, utakunywa kahawa, nikutazame. Kiti nitakifunga kwa mkono wangu. Na ukienda kasi nitajua."

"Ningeshangaa ungesema tofauti."

"Haya. Njooni. Falko?"

"Ndiyo?"

"Hatimaye. Mjinga wewe."

Bi Uhlig aliwasubiri kwenye mlango wa kioo wa ukumbi. Antje alitia saini bila kuketi. Bi Uhlig alimkabidhi funguo zote, ule mdogo wa mwisho.

"Huu nauacha, au tunauondoa?" aliuliza kwa upole.

"Unakuja nasi," Antje alisema.

Kathrin aliyewafungulia mlango alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake ina madoa ya rangi ya kupaka ukuta. Kahawa ilichukua muda wake na maswali hayakuwa mepesi. Kisha alishuka na kiti cha mtoto kwapani, akakipachika, akakikandamiza kwa goti, akakitikisa kwa nguvu. Hakikucheza. Frieda alisimama kando ya njia, akilizunguka gari kwa macho.

"Baba atakaa wapi?"

Watu wazima watatu walitazamana. Gari lilikuwa na viti viwili.

"Baba ana miguu," Kathrin alisema. "Nitamwazima baiskeli yangu."

Kwa hiyo Falko aliondoka juu ya baiskeli ya kike yenye kikapu cha maua, na Antje akaondoa gari lake jipya kwa mwendo ambao kiwanda hakikulitengenezea.

"Baba anasema wewe unagonga madaraja kwa nyundo," Frieda alisema.

"Amekuambia habari zangu?"

"Kila akija. Kwa nini unayagonga?"

"Nijue kama ni mazima."

"Na yakiwa mabovu?"

"Mengine yanavunjwa. Mengi yanatengenezeka."

Frieda alilifikiria hilo mpaka taa za barabarani zikabadilika.

"Wewe ni nani wangu?"

"Bado sijawa. Baba yako anataka tuoane Septemba."

"Na wewe unataka?"

"Asubuhi sikuwa na uhakika."

"Sasa ni mchana," Frieda alisema.

Falko alifika ziwani akihema, shati limemganda mgongoni. Aliwakuta wameketi ukingoni, miguu majini, kila mmoja na aiskrimu yake. Aliiweka baiskeli chini, hakuthubutu kuketi.

"Antje. Kuhusu Septemba..."

"Mimi jibu langu nimeshampa Frieda. Muulize yeye."

Frieda alilamba aiskrimu pande zote kwanza, isidondoke.

"Tumekubali," alisema.