Jubilei ya Mume Wangu, Bibi Harusi Si Mimi

Mume wangu alikuwa anakata keki ya harusi... na mwanamke mwingine!

Siyo ndoto, wajukuu zangu wa humu. Ilikuwa tarehe 28 Desemba, saa nane mchana, nimesimama dukani kwangu Kariakoo na mkasi mkononi, wateja wamenibana mpaka mezani. Simu ikalia. Shadya, jirani yangu wa fremu ya pili, kanitumia picha aliyoikuta mtandaoni.

"Mama Goodluck, huyu si mzee wako?"

Nikavaa miwani.

Ni yeye! Pantaleo wangu, miaka sabini na nne, suti ya kijivu, ua mfukoni. Ubavuni kwake bibi mmoja kavaa gauni jeupe na shela. Nyuma yao bango: MIAKA 50 YA NDOA.

Na waliomshikia bibi huyo shela...

Wajukuu zangu wa damu!

Pembeni wanangu wa kuwazaa mwenyewe, Goodluck na Nice, wamevaa sare, meno yote nje.

Sare hiyo niliikata mimi. Novemba Pantaleo alinijia dukani, sauti ya upole.

"Mama Goodluck, kuna mteja wa Rombo ana sherehe. Pisi arobaini, kile kitenge cha zambarau. Mkatie vizuri, ni mtu wa heshima."

Nikamkatia vizuri!

"Bibi, hii pisi bei gani?" mteja akaniuliza.

"Sijui, mwanangu. Leo duka halina mwenyewe."

Mnawajua Wachaga na Desemba. Wote wanapanda kwao Kilimanjaro, mji unabaki na sisi. Pantaleo naye kila mwaka alipanda, siku kumi. Watoto walipokua akawa anaenda nao. Mimi, Mngoni wa Songea, nabaki na duka. Desemba ndiyo msimu, nani afunge?

"Wewe tu ndiye ninayekuamini," alikuwa akiniambia.

Basi kichwa kinavimba! Miaka arobaini na moja naaminiwa.

Hata ndoa yetu ilisubiri msimu upite. Kanisani nimekaa benchi la nyuma miaka yote kwa kuwa hatujafunga ndoa, wenzangu wanakwenda kukomunika, mimi nakodolea macho migongo yao. Safari hii alikuwa ameapa: Pasaka inayokuja, tunabariki ndoa. Nilikuwa nataka hicho tu kabla sijafa. Niitwe mke mbele ya watu.

Nikampigia Nice.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo bibi harusi ni nani?"

Nyuma yake nasikia matarumbeta.

"Mama... nani kakuonyesha?"

"Nijibu."

"Ni Mama Mkubwa Winifrida. Mke wa baba. Wa... wa ndoa."

"Umemjua lini?"

"Nikiwa darasa la tatu. Baba alisema tukikwambia utakufa kwa presha."

"Mbona sijafa?"

Akaanza kulia. Nikakata simu. Machozi ya siku hiyo yalikuwa yangu, yeye angoje zamu yake.

Nikateremsha mlango wa duka. Shadya akatoka mbio.

"Mama Goodluck! Unafunga msimu huu? Umefiwa?"

"Bado. Ndiyo kwanza nakwenda kuua."

Kesho yake jioni nikawa Rombo. Njia nzima nilipanga matusi. Ya Kiswahili, ya Kingoni, na yale ya Kariakoo ambayo hayaandikiki hapa. Niliyapanga kwa saizi kama nguo za mtumba.

Wanangu waliponiona getini wakapotelea ndani. Wazee wazima, mmoja ana kipara!

Bibi harusi ndiye aliyenijia, mbio mbio za miguu mibovu.

"Hyasinta? Wewe ni Hyasinta!"

Akanikumbatia. Nikakauka kama nguzo ya umeme.

"Mdogo wangu, umenisamehe!"

"Nikusamehe nini?"

"Si ulikataa kuja miaka yote? Pantaleo alisema hutaki hata kusikia jina langu. Lakini kila Krismasi ulinitumia kitenge. Nikasema huyu ana roho nzuri, ipo siku atakuja."

Akanivuta ndani, akafungua sanduku. Vitenge vya duka langu! Vingine nilishasahau kama niliwahi kuviuza. Vyote vimekunjwa, vina harufu ya kabati.

Matusi yangu yote yakayeyuka mdomoni.

Tukatoka uani. Pantaleo kajificha nyuma ya sahani, kipande cha tatu cha keki.

"Baba Goodluck, weka chini hiyo keki."

"Mwache ale," Winifrida akasema. "Ni keki yake."

"Ana kisukari, dada."

"Nani?"

"Mumeo. Huu mwaka wa tisa."

Winifrida akamgeukia taratibu.

"Pantaleo, una kisukari?"

Mzee akalamba kidole.

"Hukuniambia!"

"Sikutaka kukuharibia sikukuu, mama. Siku zenyewe chache."

Winifrida akakaa kwenye kiti cha maharusi, bado kimepambwa maputo.

"Siku kumi," akasema. "Alinioa, mwezi haujaisha akateremka Dar. Tangu hapo siku kumi kwa mwaka. Hyasinta, ukizijumlisha zote hazifiki miaka miwili! Umekuja kunipiga nimekuibia mume? Mume gani? Hata ugonjwa wake naambiwa na wewe."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake.

Yaani mwanamke niliyepanda kumrarua... kaibiwa kuliko mimi!

"Mchukue," akasema. "Mrudishe mjini kwako."

"Cheti unacho wewe, dada."

"Maisha yake unayo wewe."

"Jamani, mimi nipo hapa!" Pantaleo akalalamika.

"Nyamaza!" Tulimjibu kwa pamoja.

Nikautoa mfuko wa dawa aliouficha kwenye begi lake. Nikamwonyesha Winifrida moja moja. Hiki asubuhi, hiki jioni akishakula. Vidole vya miguu mkague kila siku, akijikata hasikii.

Pantaleo akanishika mkono.

"Mama Goodluck, Pasaka je? Ndoa yetu?"

"Unioe na nani? Wewe una mke. Nimemwona, nimempenda."

Nikateremka Dar peke yangu.

Msidhani nilishinda. Wanangu wananipigia, naitikia shikamoo tu, halafu natafuta kisingizio cha kukata. Kanisani bado nipo benchi la nyuma. Padri anasema kwa kuwa nimeachana na mzee, sasa mlango uko wazi, niende kuungama. Nikaungame nini, Padri? Ujinga?

Na kila jioni Winifrida ananipigia.

"Mdogo wangu, sukari imepanda, nifanyeje?"

Namwelekeza. Huku nikisikia mzee anakohoa pembeni, na kile kikohozi nakijua, ni cha kutaka kuongea na mimi. Nakata simu. Kisha nakaa gizani muda, siwashi taa.

Nyie mabinti mnaonisoma, sikilizeni. Mtu akikusifia kwamba ni wewe tu unayeaminika kubaki, kabla hujatabasamu muulize: na wewe unakwenda kwa nani?

Mimi nilisifiwa miaka arobaini na moja.

Sikuuliza hata mara moja.