Jampa Moja Ilinipokonya Dada Pekee Niliyekuwa Naye

"Zima! Zima umeme!!"

Bosi alipiga kelele. Bodi yangu ilikuwa inafuka moshi mbele ya wageni watatu!

Chipu ilishapasuka. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba kizima.

"Nani amegusa jampa?!"

Jamani, nilinyoosha kidole hapohapo.

"Dada Miwani! Nilimwona asubuhi ameiinamia!"

Dada Miwani akanitazama. Akatazama boksi la bodi, chini ya meza yangu. Akanitazama tena...

"Ni mimi, bosi."

Siku hiyohiyo akafukuzwa kazi!

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni fundi wa elektroniki. Kazi yangu ni kuandaa bodi za majaribio: napanga swichi, nachomeka jampa, yaani kile kiplastiki kidogo kama punje ya mchele kinachounganisha pini mbili. Kushoto, chipu inapata volti tatu. Kulia, kumi na mbili. Ukikosea upande, umeiunguza.

Nilikuwa mgeni mji ule. Chumba kimoja, sufuria moja, kijiko kimoja. Simu yangu ilikuwa inaita mara moja kwa wiki, mama akiuliza kama nimekula.

Dada Miwani, fundi wa meza ya jirani, ndiye pekee aliyekuwa ananiita "mdogo wangu".

Wiki iliyofuata zikaletwa bodi nyingine. Nikafungua boksi, karatasi ikadondoka.

"Toleo jipya. Nafasi za jampa zimegeuzwa. Kushoto sasa ni volti kumi na mbili."

Nikalivuta boksi la ile bodi iliyoungua, chini ya meza. Nalo limeandikwa toleo jipya! Karatasi kama ile ilikuwamo, sikuwahi kuisoma. Si nilikuwa naijua bodi kwa kichwa!

Aliyeiunguza ni mimi!!

Nikampigia. Hapokei. Nikatuma ujumbe... kimya.

Jumamosi nikaenda kwake. Akafungua mlango nusu.

"Dada, mimi ndiye niliyekosea."

"Najua."

"Unajua?!"

"Tangu siku ile. Boksi limeandikwa toleo jipya, nawe umechomeka kama zamani."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa umebakiza wiki mbili za matazamio. Wewe ungefukuzwa palepale. Mimi, na miaka yangu tisa, nilidhani nitapewa onyo tu."

Nikaangua kilio. "Nisamehe, dada..."

"Nimeshakusamehe. Ila asubuhi ile nilikuwa naifuta vumbi bodi yako, ipendeze mbele ya wageni. Ungeniuliza tu, mdogo wangu."

Akafunga mlango. Polepole, bila kuubamiza. Bora angeubamiza!

Jumatatu nikamweleza bosi ukweli wote. Kwa kuwa nilijitaja mwenyewe, nikapewa onyo tu, yeye akaitwa arudi. Akakataa. Alishapata kazi kwingine.

Siku hizi kwenye meza yake wameweka printa. Mchana nakula nikiitazama. Mama akiniuliza nakula na nani, namwambia, "Na wenzangu, mama."

Ndugu msomaji, chipu iliyoungua niliibadilisha kwa dakika kumi. Mtu uliyemshitaki bila kumuuliza hana spea.

Kama ugenini unaye hata mmoja anayekuita mdogo wangu, muulize kwanza. Msikilize.

Kidole kitasubiri.