Uraka Si Maji ya Kumezea Dawa

Msimu wa korosho, kijiji cha Chilangala huamka taratibu. Ukungu hulala juu ya mikorosho mpaka jua lipande, na harufu tamu ya mabibo huingia hadi vyumbani. Ni raha kuishi humo, ukweli usemwe. Watu huokota korosho kama wanaota.

Salmini naye aliokota, lakini mgongo ulimsumbua. Kila ulipomuuma alimeza vidonge viwili vya paracetamol, akavishushia kwa kikombe cha uraka, kinywaji cha mabibo. Mkewe, Sikuzani, alimkanya. Yeye alicheka, akasema uraka ni maji ya matunda tu. Mbishi haambiliki.

Siku ya nne ya kumeza hivyo alikataa chakula, akatapika. Chini ya mbavu za kulia palimuuma. Sikuzani aliogopa, akamwita jirani yao Devotha, muuguzi wa zahanati.

Devotha aliuliza amemeza vidonge vingapi tangu jana. Salmini alihesabu kwa vidole, vidole vikaisha. Tena jana jioni alikunywa dawa ya mafua. Devotha alisoma pakiti yake.

"Baba Hamida, hii nayo ina paracetamol ndani. Ni dawa ileile, jina jingine."

"Lakini inatuliza maumivu."

"Ni dawa nzuri, ikitumiwa kwa kipimo. Mtu mzima humeza kimoja au viwili, anasubiri saa sita zipite. Kwa siku visizidi vinane. Ukizidisha, ini linaharibika, na mwanzoni husikii kitu."

"Na uraka?"

"Uliolala kwenye ndoo umeshakuwa pombe. Pombe nayo inaliumiza ini hilohilo. Twende hospitali sasa hivi."

Alilazwa siku sita, akiwekewa dripu. Siku mbili za kwanza alijiona akitembea ndani ya ukungu, mwepesi kama unyoya, na haukumtisha hata kidogo. Alikuwa anakwenda zake. Nyuma yake Sikuzani alimwita kwa jina, akamwita tena, mpaka akageuka. Daktari alisema wangechelewa siku moja, wasingemwahi.

Sasa Salmini ameshapona, anaokota korosho na mkewe. Mgongo ukiuma, hupumzika kwanza. Ikibidi dawa, humeza kwa maji. Kusoma hajui, ila Sikuzani alijifunza ukubwani. Humsomea pakiti polepole, neno kwa neno.

"Soma tena, Mama Hamida," Salmini humwambia.

Naye husoma tena.