Darasa Lishuke

Kila asubuhi, kabla hajashika sindano, Fundi Magodoro alikuwa na kazi moja ya lazima. Ilikuwa kazi ya kumbeba binti yake.

Wala hakuilalamikia. Kusema kweli aliipenda, tena aliionea fahari. Binti huyo hakuwa na nguvu za miguu tangu utotoni, lakini nguvu zote zilihamia mdomoni. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio. Fundi alisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka shuleni, na Redio alitangaza habari njia nzima. Wakifika kwenye ngazi, Fundi aliinama, Redio akamshika shingoni, wakapanda pamoja hadi ghorofa ya pili. Kiti kilibaki chini.

Shule hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila mwaka wanafunzi walipanda ngazi kidogo. Wadogo walisoma chini na darasa la mwisho lilisoma juu kabisa, penye madirisha makubwa. Kukaa juu ilikuwa heshima. Walimu walimwona Fundi akihema ngazini, wakamsifu kwamba baba ni yule. Naye alishuka kichwa kimevimba kidogo.

Kisha mgongo ukagoma. Siku moja alikuwa karakanani akiinua godoro la pamba, akabaki ameinama vilevile, hawezi kunyooka. Mkewe, ambaye alishona mifuko ya magodoro kwenye karakana hiyohiyo, alimkanda kwa maji ya moto. Alimwambia apumzike. Fundi alikataa katakata.

Asubuhi iliyofuata aliteleza katikati ya ngazi. Ukuta ndio uliowaokoa. Mwalimu mkuu aliona kila kitu, akamwita ofisini. Hakuwa mtu mkali. Alimpa kiti, akampa pole, kisha akasema maneno yaliyomchoma Fundi kama sindano ya godoro.

"Fundi, umejitahidi mno. Mimi naona binti akae nyumbani mwaka huu. Mgongo ukipona, atarudi."

Fundi alijua maana yake. Redio angekosa mtihani wa mwisho. Wenzake wangeendelea mbele, yeye angebaki kuhesabu magodoro ya baba. Alimsihi mwalimu mkuu ampe muda, akapewa mpaka mwisho wa mwezi. Nyumbani hakumwambia mtu. Alijiona ni mzima, na kama si mzima, basi atajikaza.

Wiki hiyo mwalimu wa uraia alikuwa akifundisha juu ya watu waliopigania haki na usawa. Wanafunzi walipiga miayo. Kwa mawazo yao, mambo hayo yalifanywa na watu wakubwa, wale wanaosimamishiwa sanamu. Mwalimu alipoona hivyo, alimwalika jirani mmoja aje kusimulia. Jirani huyo alikuwa muuguzi mstaafu. Kila mtu alimwita Nesi, na nusu ya darasa walikuwa wamewahi kuchomwa sindano naye. Siku hiyo walikaa kimya bila kuambiwa.

Fundi alifika mapema kumchukua binti yake. Alikuta kipindi hakijaisha, akaketi taratibu kwenye dawati la nyuma ili apumzishe mgongo. Redio alikuwa mbele, hakumwona.

Nesi alisimulia habari za ujana wake. Wakati huo watawala waligawa watu kwa rangi. Hospitalini palikuwa na benchi la ndani, chini ya feni, la watu wa rangi ya watawala. Wengine wote walisubiri uani, juani, hata mwenye mtoto anayechemka homa. Nesi wakati huo alikuwa msichana tu, akifua mashuka ya hospitali. Yeye na wafuaji wenzake waliamua kwenda kukaa kwenye lile benchi.

Lakini hawakukurupuka. Kwanza walifanya mazoezi kwenye chumba cha kupigia pasi. Mmoja alijifanya mlinzi. Aliwatukana, akawavuta nguo, akawamwagia maji. Wengine walitakiwa wakae tu, bila kujibu tusi na bila kuinua mkono. Nesi alikiri kwamba siku ya kwanza alishindwa. Alimzaba kibao yule mlinzi wa uongo, naye alikuwa shangazi yake wa damu. Darasa likaangua kicheko.

Mvulana mrefu kuliko wote, aliyeitwa Twiga, aliuliza kama hawakuogopa.

"Niliogopa mpaka magoti yakagongana," alijibu Nesi. "Ndiyo maana tulichagua kukaa."

Walitolewa nje. Baadhi yao walifukuzwa kazi. Wiki iliyofuata walirudi, na watu zaidi wakajiunga nao, wakiwemo madereva, wapishi na wanafunzi. Hata watu wachache wa rangi ya watawala walikataa benchi la ndani, wakaenda kukaa juani na wenzao. Ilichukua muda mrefu, lakini amri ya kutenganisha watu ilifutwa. Fundi alimtazama yule mama mwenye miwani na kikapu cha mboga miguuni, akashangaa. Miaka yote alikuwa akimsalimia tu juu ya ua, hajui kwamba anamsalimia shujaa.

Nesi aliongeza jambo moja. Katikati ya vurugu hizo, daktari mmoja aliwahurumia. Alijitolea kuwawekea turubai kule uani, na mto laini kwa kila anayesubiri. Wafuaji wengine walitaka kukubali. Shangazi yake akakataa.

"Alituambia hivi," alisema Nesi. "Mto huu ni wa daktari. Siku daktari akihama, mto nao unahama. Sisi tunataka benchi ambalo halimtegemei mtu mwema."

Redio aliinua mkono. Aliuliza kama yule daktari alikuwa mtu mbaya. Nesi akasema hapana, alikuwa mpole kweli.

"Mimi ninao mto kama huo," alisema Redio. "Ni mgongo wa baba. Nampenda sana baba yangu. Lakini akiugua yeye, mimi sina shule. Na akishanileta, sitoki hapa juu mpaka jioni. Sinywi maji tangu naamka, kwa sababu choo kiko chini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kule nyuma Fundi aliinamisha uso. Miaka yote alijua uzito wa binti yake, lakini hakuwahi kumuuliza siku yake inakwendaje. Alijisikia vibaya sana. Na wakati huohuo alimwonea fahari mtoto huyu aliyesema ukweli bila kumkosea mtu heshima.

Jioni hiyo aliwaita mkewe, Redio na Nesi karakanani, akatoboa siri yote ya mwalimu mkuu. Damu ilikuwa inamchemka. Alisema kesho anakwenda kuipiga ile meza ya ofisini mpaka ipasuke.

"Ukipiga meza, mtazungumza habari za meza," alisema Nesi. "Sikiliza, mwanangu. Usiende kuomba huruma. Huruma mnayo tele. Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma kama wenzake, na ni wajibu wa shule kuondoa kinachomzuia. Nendeni wengi. Semeni jambo moja, na muwe na suluhisho mkononi. Mkijibiwa vibaya, msitukane. Rudini tena."

Suluhisho lilitoka kwa Redio mwenyewe. Darasa la tano lilikuwa chini, karibu na choo. Watoto wa darasa la tano walipanda ngazi mbio hata bila kutumwa. Kwa nini madarasa hayo mawili yasibadilishane vyumba?

Siku ya pili Redio aliwaeleza wenzake. Wengi walikubali. Twiga alinuna. Alisema ameyasubiri madirisha yale tangu darasa la kwanza, na sasa anaambiwa arudi chini na watoto. Redio hakugombana naye. Alimwomba tu aje Jumamosi karakanani, kwenye mazoezi, kisha aamue mwenyewe.

Twiga akaja. Nesi aliketi juu ya rundo la magodoro, miwani kwenye ncha ya pua, akawa mwalimu mkuu. Aliwakatiza maneno, akawapigia miayo, akamwambia Fundi kwamba shule si karakana. Fundi alivumilia kidogo. Kisha akashika fungu la pamba, akamrushia. Chumba kizima kikawa cheupe, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, umeshafukuzwa," alisema Redio. "Anza upya."

Alianza upya, tena na tena. Aliposhindwa, alizunguka karakana na kurudi. Twiga alimwangalia mtu mzima yule, mwenye mikono ya kuinua magodoro mawili, akijifunza kunyamaza kwa ajili ya mwanawe. Kabla ya kuondoka alisema kwamba yeye pia atakwenda ofisini.

Jumatatu ofisi ilijaa. Mwalimu mkuu aliwasikiliza, akakunja uso. Alisema darasa la mwisho limekaa juu tangu shule ijengwe, na mtoto mmoja hawezi kuhamisha darasa zima. Fundi alihisi mikono inamwasha. Akaificha nyuma ya mgongo.

"Mwalimu, hatukuja kutafuta mtu wa kumbeba," alisema. "Tumekuja kwa jambo moja. Darasa lishuke."

Twiga naye alisema kwamba heshima ya kukaa juu haina maana ikiwa mwenzao anakaa huko kama kifungoni. Mwalimu mkuu aliahidi kufikiri. Waliondoka bila jibu, lakini waliondoka kwa adabu. Kesho yake walirudi, na safari hii wazazi wa darasa la tano walikuwa pamoja nao. Mwalimu wa uraia alisimama upande wao waziwazi, ingawa mwalimu mkuu ndiye bosi wake.

Ndipo Nesi alipomwomba mwalimu mkuu kitu kidogo. Akae juu na Redio asubuhi moja tu, bila kushuka. Mwalimu mkuu akaona si taabu, akakubali.

Alikaa. Vipindi vilipita. Kengele ya mapumziko ikalia, wanafunzi wote wakateremka, kelele za uwanjani zikapanda hadi dirishani. Juu walibaki wawili. Kule chini walimu walikuwa wanamimina chai. Mwalimu mkuu alisimama ili ateremke, akamtazama Redio, akakaa tena. Alimuuliza kama huwa hivi kila siku. Redio, kinyume na kawaida yake, alijibu kwa neno moja tu. Ndiyo.

Mwalimu mkuu alikaa naye mpaka kengele ya kurudi ikalia. Kisha alisema jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Alisema alikosea, na kwamba hakuwahi kuitazama shule yake akiwa amekaa pale anapokaa Redio. Alasiri hiyohiyo alitangaza mbele ya shule nzima kwamba darasa litashuka.

Siku ya kuhama, watoto wa darasa la tano walipanda na madawati yao kama waliopewa zawadi. Mzazi mmoja aliyekuwa mwashi alijenga mteremko wa saruji mlangoni, akapanua na mlango wa choo ili kiti kipite. Sasa Redio alikwenda shuleni akizungusha magurudumu kwa mikono yake, na Fundi alibaki na sindano zake karakanani. Siku za kwanza, saa ya ngazi ikifika, aliinuka, kisha akakumbuka na kuketi. Mgongo ulipona polepole.

Wiki chache baadaye Redio alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Yeye na Twiga walikuwa wakipiga domo darasani wakati wa hesabu, na mwalimu wa zamu amewaadhibu. Wamefutishwa madawati yote, mstari kwa mstari, na yeye hakuachiwa hata moja.

"Hakuna aliyekuonea huruma?" aliuliza Fundi.

"Hata mmoja," alisema Redio.

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe akaja mbio kuuliza kuna nini. Alijaribu kumweleza akashindwa, akabaki anamwonyesha tu binti yake kwa kidole.