Merikebu ya Mgeni

Ijumaa ile, aliporudi kutoka msikitini, Abdulazizi alikuta rafu ya merikebu zake ina maji. Hayakuwa mengi. Yalikuwa yamejikusanya chini ya kidau kimoja tu, kile kidogo kisichopakwa rangi, yakidondoka sakafuni tone baada ya tone. Akatazama juu. Bati lilikuwa kavu, na mji wa Kibiti haukuwa umepata mvua siku nyingi. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

"Biasha, umemwaga nini huku?"

"Sijaingia chumba hicho leo," mkewe akajibu kutoka uani.

Abdulazizi alikuwa na duka la vifaa vya umeme kando ya barabara kuu, lakini moyo wake ulikuwa katika chumba kile. Akishafunga duka huketi na kisu, msasa na gundi, akiunda vyombo vidogo vya mbao: mashua, majahazi, meli za mizigo alizoziona kwenye simu. Kilichopita vyote kilikuwa merikebu ya milingoti miwili aliyoianza mwaka aliooa, kila ubao wa sitaha umekatwa upana wa njiti ya kiberiti, kila kamba ameifunga kwa vidole vyake. Watu walitaka kuinunua, akakataa. Hata kuigusa hakupenda waiguse.

Kidau hakukiunda yeye. Alikiokota Mbwera, kule pwani, alipokwenda kumtembelea shemeji yake Swalehe, kaka wa Biasha, mwenye boti ya injini. Kilikuwa kimenasa kwenye mizizi ya mikoko, ndani mna yai na kitambaa chekundu. Swalehe alimwambia akiache. Yeye aliona kazi nzuri iliyotupwa. Akalirusha yai majini, kitambaa kikafuata, na alipokuwa anavuka kizingiti cha nyumba yake kakipakata kifuani, akasema kwa utani, "Haya mgeni, karibu. Hapa ni kwako."

Baada ya maji ikaja harufu, ile ya tope la mikoko maji yanapokupwa, mchana kweupe, katika mji ulio mbali na bahari. Maji ya mtungi yakawa hayanyweki. Kisha Biasha akaanza kusimama mbele ya rafu kila adhuhuri, mikono imemlegea, akiyumba mbele na nyuma kama mtu aliyesimama ndani ya chombo.

"Mke wangu, unafanya nini?" Abdulazizi alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Unamuuliza nani?"

"Wewe."

"Mwenyewe kalala," kinywa cha Biasha kikasema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mwenye maji kifuani, na Abdulazizi, aliyelala pembeni ya mwanamke huyu miaka yote na kumjua hata kikohozi chake, alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaona macho yale yanamfuata bila kupepesa, na chini ya miguu ya mkewe sakafu ya saruji inalowa, polepole, mpaka unyevu ukamfikia kwenye nyayo.

Swalehe, aliyepigiwa simu, alifika kesho yake na Bi Waride, mganga wa Mbwera. Bi kizee alipokiona kidau, hata kiti hakutaka. Alikaa chini.

"Hiki nilikisukuma baharini mimi mwenyewe," akanong'ona. "Humu ndani mlikuwa na jini aliyemla binti wa watu mpaka akabaki mifupa. Mwanangu, kwa nini umemrudisha?"

Akafukiza ubani, akasoma. Biasha akacheka bila kufungua meno.

"Kule ulinifukuza kwa kuwa nilijiingiza," sauti ikasema. "Hapa nimekaribishwa. Muulize mwenye nyumba."

Bi Waride akamgeukia. "Ulimwambia nini?"

"Nilikuwa natania tu, Bi Waride."

"Yeye hajui utani." Akavuta pumzi. "Sasa utamuaga kama mgeni, na kumpa chombo akitakacho."

Kidole cha Biasha kikainuka, kikaelekea kwenye merikebu ya milingoti miwili.

"Nitamuundia nyingine," Abdulazizi akasema upesi. "Nzuri kuliko hii, naapa."

Hakumaliza. Biasha alianguka kifudifudi, na maji ya matope yakaanza kumtoka puani na mdomoni, yakitoka na kutoka bila yeye kupata nafasi ya kuvuta pumzi, kucha zikikwangua saruji, akizama pale pale mbele yao, katikati ya chumba kikavu, huku Swalehe amemshika miguu na kulia kama mtoto.

"Aichukue," Abdulazizi akasema. "Aichukue hiyo hiyo."

Maji yakakatika.

Asubuhi yake walikuwa ndani ya boti ya Swalehe, Biasha amefunikwa kanga, hoi. Bi Waride alitia mayai na ubani katika merikebu, na palipo na mkondo mkali wa maji kupwa, Abdulazizi akaiweka majini kwa mikono yake. Majani na povu vilipita mbio kuelekea baharini. Merikebu ikasimama.

"Mbona haiendi?" Swalehe akanong'ona.

"Haina mabaharia," ikasema ile sauti chini ya kanga. "Nani atavuta kamba?"

Bi Waride alimtajia kuku, akamtajia mbuzi. Sauti ikakataa.

"Kamba hizi zinajua mikono iliyozifunga. Nipe mikono hiyo."

"Usijibu haraka, mwanangu," Bi Waride akasema. "Huyu akichukua harudishi."

Abdulazizi akamtazama mkewe. Midomo ilikuwa ya kijivu, na pembeni yake tope lilikuwa linaanza tena kuchuruzika.

"Chukua," akasema.

Pasipo upepo, matanga yakajaa. Merikebu ikageuka, ikakata mkondo, ikapotea nyuma ya mikoko. Biasha akafumbua macho, akaomba maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe.

Nyumba ilitulia. Harufu iliondoka, maji ya mtungi yakawa matamu. Lakini mikono ya Abdulazizi ilikuwa ya baridi kuanzia viwikoni, vidole vimenyauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Hashiki kisu wala bisibisi. Duka analisimamia Biasha, na ni yeye anayemlisha na kumfunga vifungo vya shati, wala hajawahi kulalamika.

Bamvua zikifika, bahari inapojaa kupita kawaida, mikono huinuka yenyewe. Huvuta kamba zisizoonekana, mmoja baada ya mwingine, mpaka viganja vinachubuka. Biasha huing'ang'ania kwa nguvu zake zote, nayo humburura mkekani.

Bamvua hii mikono haikuvuta. Baada ya alasiri, wakiwa wamekaa uani, ilishusha matanga taratibu, ikayakunja vizuri. Kisha ikaanza kuachia kamba ndefu, kwenda chini.

"Inafanya nini?" Biasha akauliza.

"Inatia nanga," Abdulazizi akasema.

Biasha hakuuliza wapi. Aliinuka, akaenda kufunga mlango wa mbele.