Kibao Namba Saba

Vibao vilikuwa kumi na viwili, na misumari ya kuvitundikia kumi na miwili. Mama Funguo aliijua hesabu hiyo kuliko umri wake, ambao kusema kweli alikuwa akiupunguza kila mwaka. Kila anayepanda mnara wa taa hupewa kibao cha bati chenye namba, na akishuka anakirudisha. Vikitimia, mlango unafungwa. Siku ya sherehe ya mji, saa kumi alasiri, misumari yote ilikuwa imejaa, na mkononi mwake kilikuwepo kibao kimoja zaidi.

Kilikuwa namba saba. Akatazama ukutani. Namba saba ilikuwa inaning'inia pale pale, na mkwaruzo wake chini ya namba.

Aliyemkabidhi hicho kibao cha mkononi ni wifi yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka mlangoni akihema, khanga imemlegea kiunoni.

"Wifi, ngazi zako hizi zitaniua," alisema. "Mtu anapanda kutazama mandhari, anashuka hana magoti! Haya, mtoto yuko wapi nimpeleke?"

Mama Funguo alimkodolea macho. "Mtoto si umemchukua wewe?"

"Mimi? Saa ngapi?"

Hapo ndipo alipokitazama tena kile kibao. Maana wifi huyo huyo alikuwa ameshashuka, nusu saa iliyopita.

Alikumbuka vizuri. Wifi alipoanza kupanda, mguu ukiwa kwenye ngazi ya kwanza, alisema, "Nikishuka nipe huyo mtoto nimpeleke akaone bendi." Alipofika kwenye dirisha la kwanza akapiga kelele mnara mzima usikie, "Jamani, kumbe mji wetu mzuri hivi!" Watu wakacheka. Mtoto mwenyewe, Kidoti, wa miaka sita, alikuwa ameketi ngazi ya chini tangu mchana akimchosha mama yake kwa maneno mawili: "Mama, nataka maji," na, "Kwani kule juu kuna nini?"

Haikupita robo saa, wifi akashuka. Hakuwa anahema. Alitoa kibao, nacho kilikuwa kibichi na baridi, kinanuka kama kisima kilichofunikwa siku nyingi. Jasho la wifi hilo, Mama Funguo alijiambia, na akakitundika. Wifi akasema, "Nipe huyo mtoto nimpeleke akaone bendi." Akamshika Kidoti mkono. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanasukumana wawahi kuona maandamano kutoka juu, na Mama Funguo hakuangalia wale wawili wameelekea wapi.

Walifunga mlango na kukimbia. Uwanja wa ufukweni ulikuwa umefurika. Upande huu watu wanavuta kamba, upande ule watoto wa shule wamevaa karatasi za rangi, na katikati bendi, ambamo baba yake Kidoti alikuwa akipuliza tarumbeta mashavu yamemtuna, hajui hili wala lile. Mama Funguo alipita katikati ya furaha ya watu akimchungulia kila mtoto usoni, akimshika huyu bega, akimgeuza yule, akiomba radhi bila kusubiri jibu, na kila akigeuka anamwona wifi nyuma yake na moyo unamuuliza, na huyu je, huyu ndiye?

Kidoti walimkuta nyuma ya jukwaa, ameketi peke yake, mikono juu ya magoti. Mama Funguo alimkumbatia, akalia, akamchapa kofi dogo la mapenzi, akamkumbatia tena.

"Shangazi aliyekuleta yuko wapi?"

"Mama, nataka maji," alisema mtoto.

Wakampeleka nyumbani. Njiani wifi hakunyamaza hata kidogo: viatu vinambana, kaka yake asiambiwe, yule mwenye tarumbeta atawapigia mayowe kuliko bendi nzima. Mama Funguo alimsikiliza neno kwa neno, anampima. Huyu alikuwa na maneno mapya. Yule aliyeshuka kwanza hakuwa nayo.

Nyumbani alimketisha mtoto kitandani, akampa kikombe cha maji. Kidoti alikitazama tu.

"Kunywa basi, mwanangu."

"Kwani kule juu kuna nini?"

"Nakuuliza, ulikwenda wapi?"

"Mama, nataka maji."

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimejaa. Mama Funguo alirudi kinyumenyume hadi ukumbini, akapiga simu kwa mama aliyekuwa akishika ufunguo wa mnara kabla yake, mwanamke mkali asiyependa kusumbuliwa baada ya kustaafu. Alimweleza yote kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo.

"Mtoto ulimpa kibao?" yule mama aliuliza.

"Hakupanda, nimpe cha nini?"

"Hujui kama hakupanda. Si umesema hukuangalia? Nilikwambia usimwache mtu kwenye zile ngazi bila kibao, ukacheka. Yule jini wa mnarani hana lake mwenyewe. Anachukua sura na maneno anayoyasikia ngazini, basi. Wako yuko juu, na wewe umemfungia. Huyo uliye naye chumbani, mtazame tena."

Walitazama. Kitandani palikuwa na alama ya maji ya umbo la mtoto aliyeketi, na harufu ya kisima. Kikombe kilikuwa sakafuni, wima, hakijapungua.

Jua lilikuwa linazama walipofika mnarani, na bendi bado inasikika kwa mbali. Maagizo ya yule mama yalikuwa mafupi: apande yule aliyeigwa, abebe vibao vyote viwili, kile kibichi akiache juu kwenye roshani, kile kikavu arudi nacho. Mwenye ufunguo asiuache mlango.

"Niache nipande mimi," alisema Mama Funguo. "Mtoto ni wangu."

"Na damu ni ya kaka yangu," wifi alijibu. Aliikaza khanga kiunoni, wala utani haukumtoka. "Nikifia humo, viatu vyangu vipya usivivae. Una miguu mipana."

Akapanda. Mama Funguo alisimama kizingitini akisikiliza nyayo juu ya chuma, zikizunguka, zikizunguka, zikififia, kisha zikawa pea mbili, kisha hakuna, na bendi kule uwanjani ikakoma kana kwamba nayo inasikiliza, na yeye akashika mlango kwa mikono miwili akimwomba Mungu amrudishie mwanawe, amrudishie tu, mengine yote ayachukue anavyotaka, na hayo maneno ya mwisho aliyatamka kwa sauti, mdomo ukiwa ndani ya mnara.

Nyayo ndogo zikaja mbio.

"Mama! Mbona ulinifungia? Nimekuita mpaka koo linaniuma! Kule kuna mtu ana miguu mibichi, na nimepoteza kiatu!"

Maneno mapya, yote mapya. Mama Funguo alimwinua, akambana kifuani. Mwili ulikuwa wa moto, una jasho na vumbi, unanuka mtoto. Alicheka na kulia kwa pamoja. Alimbusu hata mguu usio na kiatu.

Nyuma ya mtoto wifi alitokea, anashuka taratibu. Hakuwa anahema. Alisimama mlangoni, akautazama ufukwe, taa za sherehe zinawaka moja moja.

"Jamani," alisema, "kumbe mji wetu mzuri hivi!"

Akanyoosha mkono na kutoa kibao. Mama Funguo alikipokea. Kilikuwa kibichi, baridi, kinanuka kisima.

"Amrudishie tu," aliongeza wifi kwa upole, "mengine yote ayachukue anavyotaka."

Mama Funguo hakuweza kusogea. Mkono mmoja ulikuwa na kibao, mwingine umemkumbatia mtoto, na ufunguo bado uko mlangoni. Kidoti aliinua kichwa begani kwake, akautazama mnara.

"Mama," alisema, "shangazi hatumsubiri?"