Finjani Iliyojaa

Jumanne, tarehe 21 Januari. Alfajiri ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na kufikia saa mbili ukungu ulikuwa umeilalia Amman kama blanketi lililoloa.

Nawras alikaa ndani ya Hyundai nyeusi kando ya barabara ya Madaba. Waipa zilikwaruza kioo. Midomo yake ilikuwa bado kwenye dua ya asubuhi pale Nokia ilipotetemeka mfukoni.

"Mkate umetoka tanurini," sauti ilisema. "Haujafika mezani."

Simu ikakatika.

Alielewa. Mbunge Rabiha ameondoka kwake. Bungeni hajafika.

Alitazama saa. Saa nne kasoro dakika kumi. Kikao kinaanza saa nne kamili. Swali la mama huyo ni namba kumi na nne, na kwa mwendo wa mawaziri kujibu, litaitwa kwenye saa sita. Kanuni ya Baraza haina huruma: jina la muulizaji huitwa mara tatu. Asipokuwa kitini, swali lake linafutwa hadi kikao kijacho.

Kikao kijacho ni baada ya miezi sita.

Mwalimu mkuu Dhirar, ambaye swali lilimhusu, hakuwa na miezi sita. Alikuwa mahabusu mwezi wa nane sasa, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kisukari kilikuwa kimeshamla vidole viwili vya mguu. Dari la shule yake liliporomoka na kumuua msichana wa darasa la tatu, na kosa lote akatwishwa yeye. Alidai aliandika barua za kuonya. Barua hazikuonekana.

Kampuni ya kigeni iliyojenga shule ile, na nyingine thelathini na tisa, ilitaka mambo yaishie hapo. Mtu wao, Varga, aliingia nchini siku nne zilizopita kwa pasipoti isiyo yake. Ndiyo maana Nawras, afisa wa usalama wa siri, alipewa kazi ya kumlinda mbunge kwa mbali, bila mwenyewe kujua.

Alifungua kompyuta ndogo iliyokuwa kwenye kiti cha abiria. Kifaa alichobandika chini ya gari la Rabiha kilikuwa kinatuma alama. Nukta nyekundu.

Nukta haisogei.

Karibu na njia panda ya Naur. Imesimama dakika ishirini.

Alitia gia.

Mitsubishi ya mbunge ilikuwa imeegeshwa vibaya, taa moja imevunjika, hakuna mtu ndani. Hatua chache mbele, muuza kahawa wa barabarani alikuwa amesimama kwenye kibanda chake, akipunga sinia kwa magari asiyoyaona.

"Wenye gari hili wako wapi?" Nawras aliuliza.

"Kahawa kwanza."

"Sina muda."

"Basi na mimi sina majibu. Baridi hii, ndugu yangu, mdomo umeganda."

Nawras aliweka dinari moja kwenye sinia. Mdomo ukayeyuka.

"Mwanamume alijirusha mbele ya gari lao kama mtu anayerukia bwawa. Nikasema moyoni, huyu kalewa au kalipwa. Mke wangu husema nina ulimi mbaya. Mama wa watu akashuka analia. Papo hapo jamaa za majeruhi wakatokea na pikapu. Kwa huku kwetu, bwana, hata ndege hazifiki upesi namna ile."

"Wakampeleka hospitali?"

"Nyumbani kwao. Ile yenye tangi la bluu, juu kilimani. Wamepanga wiki jana tu. Mama akasema hawezi kwenda kazini na damu ya mtu iko baina yao, atakwenda kuomba amani ya siku tatu, ile inayozuia kisasi. Akaingia kwenye pikapu yao na dereva wake. Ana utu mama yule. Wenye cheo wengine wangetupa kadi dirishani na kuondoka."

Nawras alikuwa ameshageuka. Alibonyeza redio yake ya Motorola.

"Sindano kwa Kasha. Mkate uko Naur, nyumba ya tangi la bluu. Leteni watu."

"Kasha kwa Sindano. Ukungu mbaya. Dakika arobaini."

"Sina arobaini."

"Basi omba Mungu."

"Nimeanza zamani."

Saa tano kasoro robo.

Aliichomeka bastola ya Glock nyuma ya mkanda, akafunika kwa koti, akapanda kilima kwa gari. Tatizo lilikuwa moja. Kama ajali ni ya kweli, basi hii ni nyumba yenye msiba, na mtu anayeingia na silaha kwenye nyumba ya namna hiyo huanzisha kisasi cha vizazi vitatu. Ilibidi awe na hakika. Ilibidi kwanza akae chini.

Alivua viatu mlangoni na kutoa salamu.

Wanaume saba walikuwa wameketi kwenye magodoro ukutani. Mzee mmoja, amevaa koti la ngozi ya kondoo, alikaa mahali pa heshima. Mbele yao, Rabiha. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, zamani mwalimu wa jiografia, macho mekundu, matope kwenye pindo la gauni. Kando yake dereva wake, Abu Ghalib, kichwa chini.

"Mimi ni binamu wa mama huyu," Nawras alisema. "Jambo lake ni letu. Nimekuja kuketi naye."

Rabiha alimtazama mgeni asiyemjua. Alimwonyesha kwa kichwa mahali pa kuketi. Anayekuja kuomba pamoja nawe hafukuzwi.

"Karibu," mzee alisema. "Mjomba wa majeruhi yuko njiani anatoka Ma'an. Bila yeye hatutoi neno la amani."

"Atafika lini, ami?"

"Mungu akipenda, adhuhuri."

Adhuhuri. Swali litakuwa limekwisha kufa.

"Ami," Rabiha alisema, sauti imekauka, "nina mtu amefungwa. Maisha yake yako kwenye swali langu. Nipe neno moja tu niende, jioni nitarudi na wazee wa ukoo wangu wote."

"Nawe ungekuwa mimi, ungetoa neno kabla mjomba hajafika?"

Rabiha aliinamisha kichwa. Asingetoa.

Ndipo Nawras alipoiona finjani.

Ilikuwa sakafuni mbele ya Rabiha, haijaguswa. Hilo lilikuwa sawa. Mwenye ombi huiweka kahawa chini na haionji mpaka apewe alichojia.

Lakini finjani ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Mgeni humiminiwa kidogo tu, funda moja chini ya finjani. Kumjazia finjani ni kumwambia: kunywa, ondoka, tusikuone tena. Kuna watu wamehama kijiji kwa sababu ya finjani iliyojaa.

Alijisogeza kwa dereva.

"Umeiona?" alinong'ona.

"Nimeiona."

"Ukanyamaza?"

"Tumemwaga damu ya mtu wao," Abu Ghalib alijibu, machozi yakimlengalenga. "Wakitutukana si haki yao? Mama naye ameona. Tumeamua kulimeza tusi."

Nawras aliitazama tena finjani. Walikuwa wametukanwa, wakalipokea tusi kama deni la haki. Hakuna aliyejiuliza kama mwenye nyumba alijua kwamba anatukana.

Kijana mnene alimfikia na dele la kahawa. Alilishika kwa mkono wa kulia, finjani mkono wa kushoto, kinyume cha desturi. Akamimina. Akajaza.

"Ami," Nawras alisema, kwa upole, watu wote wasikie. "Finjani yangu imejaa."

Mzee alitabasamu. "Mkarimu hamimini nusu, mwanangu."

Rabiha aliinua kichwa taratibu.

"Rudia," alisema. Ilikuwa sauti ya darasani.

"Nasema mkarimu..."

"Nimesikia. Na huyu kijana wako ameshika dele kwa mkono wa kulia tangu nimefika, nami nikadhani ni hasira." Alisimama. "Wewe ni wa wapi, mzee?"

"Wa jangwani, kama nyinyi."

"Jangwa gani linajaza finjani?"

Mtu wa karibu na mlango alipeleka mkono ndani ya koti.

Nawras alimrushia kahawa usoni. Yote, mpaka tone la mwisho. Mtu akapiga yowe. Kiwiko kikatua shingoni kwa wa pili. Dele likabingirika sakafuni. Glock ilikuwa tayari mkononi.

"Mikono juu ya vichwa. Nyuso ukutani."

Sekunde nne.

Alipiga teke mlango wa chumba cha nyuma. Majeruhi alikuwa ameketi kitandani, bendeji kichwani, anakula mbegu za boga na kutema maganda kwenye sahani.

"Pole sana kwa ajali," Nawras alisema.

Simu ya majeruhi iliita. Nawras alimwelekezea bastola, akawasha kinasa sauti chake, akapokea.

"Bado yupo?" Lafudhi ya kigeni. Varga.

"Yupo," Nawras alijibu kwa sauti ya mafua. "Analia."

"Mzuie mpaka saa sita na nusu. Swali likifutwa, mwalimu atafia hukohuko, na shule zetu arobaini zitalala salama."

"Malipo nifuate wapi?"

"Hotelini, Duara la Tatu. Chumba 812. Njoo peke yako."

"Nitatuma wenzangu," Nawras alisema, akakata.

Sebuleni, Abu Ghalib alikuwa ameokota bastola ya yule aliyeungua uso. Aliikagua kama mtu anayekagua kalamu yake ya zamani.

"Nilikuwa jeshini miaka kumi na tisa," alisema. "Nendeni. Hawa wataniambia vizuri ni nani alinifanya nimeze tusi lake asubuhi nzima."

"Usimuumize mtu."

"Nitawafundisha kumimina kahawa tu."

Saa tano na nusu.

Hyundai iliteremka ndani ya ukungu. Nawras aliagiza kwa redio: Duara la Tatu, 812, haraka. Kisha akaiweka redio chini. Midomo yake ikarudi kwenye dua.

"Wewe si binamu yangu," Rabiha alisema.

"Hapana, mama."

"Unamwombea nani? Kule ndani hukuomba dua."

Lori lilitokea ghafla mbele. Alilikwepa. Barabara ikanyooka tena.

"Mwalimu Dhirar, mimi ndiye niliyemkamata."

Rabiha hakugeuka.

"Niliamriwa. Barua zake nilizikuta kwenye droo ya meza yake. Sita, nakala za kaboni. Ya mwisho aliiandika siku tisa kabla dari halijaanguka. Nikazitia kwenye jalada kwa mkono wangu. Jalada likafika kwa mwendesha mashtaka bila barua. Kila alfajiri namwomba Mungu amtoe yule mzee."

"Na Mungu anakujibu nini?"

"Ananiuliza nilizipeleka wapi."

Walipita vizuizi vya Abdali. Jengo la Baraza lilionekana nusu, nusu limemezwa na ukungu.

"Utasema?" Rabiha aliuliza.

"Mtu wa kazi yangu hana jina, mama. Hana mdomo."

"Dhirar anao mdomo. Haujamfaa kitu."

Alishuka kabla gari halijasimama sawasawa.

Nawras alionyesha kitambulisho kwa mlinzi na kupanda ghorofa ya wageni. Alipoketi, Spika alikuwa anaita.

"Swali namba kumi na nne. Mheshimiwa Rabiha. Mara ya pili."

Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye benchi la mawaziri mtu alianza kufunga faili lake.

"Mheshimiwa Rabiha. Mara ya..."

"Nipo."

Aliingia na matope yake. Hakuomba radhi. Alifika kitini, akabaki amesimama.

"Swali langu ni moja, mawaziri ni watatu. Waziri wa elimu: nani alilipokea jengo lile na kusema liko salama?"

"Kamati imeundwa kulichunguza hilo, mheshimiwa."

"Kamati ya ngapi?" mbunge mmoja mzee alidakia nyuma. "Ya kwanza bado inatafuta viti."

Kicheko. Spika akagonga nyundo.

"Waziri wa fedha: kampuni ilimaliziwa malipo lini?"

"Kwa mujibu wa mkataba."

"Sikuuliza kwa mujibu wa nini. Nimeuliza lini."

Waziri alipekua karatasi. "Wiki mbili baada ya tukio."

Kicheko kilikufa.

"Baada ya mazishi, basi," Rabiha alisema. "Waziri wa sheria. Kwa nini mwalimu Dhirar hajaletwa mbele ya hakimu?"

Waziri wa sheria alisimama polepole. Alikuwa mtu mzima mwenye uso uliochoka, na hakusoma popote.

"Mheshimiwa, nimelisoma jalada mara tatu. Mshtakiwa anasema aliandika barua. Jalada halina barua. Anasema afisa alizichukua. Afisa huyo ni wa siri, jina lake halitajwi. Niletee mtu mmoja aliyeziona kwa macho, na kesho mzee huyu atakuwa mbele ya hakimu. Bila huyo, nitasimama na nini?"

Rabiha alibaki wima. Hakuangalia ghorofa ya wageni. Kwa hilo Nawras alimheshimu zaidi.

Kisikizio kilikoroma sikioni mwake.

"Kasha kwa Sindano. Varga amekamatwa. Kazi imekwisha. Toka mlango wa nyuma, hukuwahi kuwa hapo."

Miaka kumi na minne ya kazi. Kila mara alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, taratibu, kola juu, bila kuangalia nyuma. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kugeukia huko.

"Sindano, umenisikia?"

Alichomoa kisikizio na kukitia mfukoni. Akasimama.

"Mheshimiwa Spika."

Vichwa vyote viligeuka juu.

"Mgeni haruhusiwi kusema," Spika alisema. "Walinzi."

Walinzi wawili walianza kumjia kati ya viti. Nawras aliinua mikono yake wazi, waione.

"Mwacheni amalize," yule mbunge mzee alisema. "Mtu haji hapa kujiharibia siku yake bila sababu."

Spika alisita. Walinzi wakasimama, mmoja kila upande wake.

"Jina langu ni Nawras, mtoto wa Mifleh," alisema. Lilisikika geni kinywani mwake. "Afisa anayetafutwa ni mimi. Barua zilikuwa sita. Nilizisoma zote. Mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele yenu nyote mliokaa humu, naahidi: kesho saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya hakimu kwa jina langu hili, na nitazisema neno kwa neno, hata kama jioni yake nitalala pale alipolala mwalimu."